XX na XY: Sheria ya Mamalia Wote, au Njia Mojawapo?

Mada: Kanuni ya XX na XY ifundishwe shuleni kama sheria ya mamalia wote.

Wanaojadili ni mwalimu wa biolojia wa sekondari mjini Tabora, mtafiti wa wanyamapori wa misitu ya miombo, mkunga, na mfugaji wa Igunga.

MWALIMU: Nianze na jambo tunalokubaliana sote. Mtoto hupokea kromosomu 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba. Ile ya jinsia inayotoka kwa mama ni X, kwa kuwa mama hana nyingine. Inayotoka kwa baba ni X au Y, na ikija Y mtoto huwa wa kiume. Utaratibu huo wa X na Y unamhusu ng'ombe wa Igunga, tembo wa Ugalla, popo wa darini na sokwe wa Gombe. Mwaka 1990 watafiti wa London waliitambua hata jeni inayoanzisha ujenzi wa korodani, wakaiita SRY. Mwaka uliofuata, panya aliyetungwa akiwa XX alitiwa kipande hicho cha vinasaba, akakua dume. Kanuni inayoeleza viumbe wengi hivyo kwa maneno machache hivyo inastahili kuitwa sheria. Mwanafunzi wa kidato cha nne aipate ikiwa imesimama, haijazungushiwa "lakini" kila upande.

MTAFITI: Mwalimu, hizo "lakini" zinakula majani humu humu kwenye miombo yetu. Mchukue pofu. Jike ana kromosomu 32, dume ana 31. Mwanafunzi wako akiuliza ile moja ya dume imekwenda wapi, utamjibu nini? Haikupotea. Y ya pofu imeungana na kromosomu ya kawaida, zikawa mwili mmoja, ndiyo maana dume anahesabika pungufu. Tandala mkubwa ni vivyo hivyo, 31 kwa 32. Nguchiro mkubwa, anayepatikana kuanzia Misri hadi kusini mwa Afrika, dume ana 43 na jike 44. Swala granti wa Serengeti amefuata njia ya pili: kwake X ndiyo iliyoungana na kromosomu ya kawaida, kwa hiyo dume ndiye mwenye nyingi, 31, na jike ana 30. Huyo ni mnyama ambaye mtoto wa Tanzania anaweza kumwona kwa macho yake, na kitabu chake hakimtaji.

MWALIMU: Hesabu zako nazikubali zote, Daktari, na hakuna hata moja inayonipinga. Pofu aliyepata Y ni dume. Asiyeipata ni jike. Umenionesha kwamba Y inaweza kusafiri ikiwa imeshikamana na kitu kingine. Hapa Tabora jambo hilo si geni. Wanyamwezi waliobeba pembe na vitambaa kati ya Bagamoyo na Ujiji, mpagazi mmoja akizidiwa na homa, mzigo wake ulihamia kwenye mabega ya wenzake. Mbebaji alibadilika, pembe ikafika pwani. Jeni ndiyo mzigo, kromosomu ni bega tu. Kwa nini nimchanganye mtoto kwa habari za mabega?

MTAFITI: Mfano huo naupokea, maana unanisaidia mimi. Nikuoneshe sasa msafara uliofika bila pembe. Katika kisiwa cha Amami huko Japani yupo panya wa miiba asiye na Y kabisa, na SRY hana. Dume ana X moja, jike ana X moja. Hata hivyo madume wanazaliwa, wanapanda, wanazaa. Mwaka 2022 watafiti walibaini kwamba kwa madume peke yao, kipande cha herufi zipatazo 17,000 kilicho karibu na jeni iitwayo SOX9 kimejirudia mara mbili. SOX9 ndiyo ambayo kwa kawaida SRY huiamsha. Panya huyu anaiamsha bila SRY, na kromosomu iliyokuwa ya kawaida imeanza kushika nafasi ya Y. Kuna panya-fuko wa Asia ya Kati ambao dume na jike wote ni XX. Na huko Australia platipasi, anayetaga mayai na kunyonyesha, dume wake ana X tano na Y tano, na SRY hana. Mada inasema mamalia wote. Neno "wote" limekwisha anguka.

MFUGAJI: Daktari, hao panya wa visiwani mimi sitawakamua. Niruhusuni niseme ya zizini. Mtaalamu wa uhimilishaji akija na mrija wa mbegu zilizochambuliwa ili nipate ndama jike, analeta hiyohiyo sheria ya Mwalimu ikiwa kwenye barafu. Nimeelezwa kwamba mbegu ya fahali iliyobeba X ina vinasaba zaidi ya ile iliyobeba Y, kama asilimia 4 hivi, na mashine inazitenganisha kwa tofauti hiyo ndogo. Katika ndama kumi unategemea tisa wawe majike. Mfugaji hawezi kutoa fedha yake kwa kitu kinachoitwa "njia mojawapo". Anataka kitu kinachoshika.

MTAFITI: Kinashika kwa ng'ombe, Mzee wangu. Hilo sipingani nalo. Ninachokataa ni kukitoa zizini kwako na kuwavika wanyama wote.

MKUNGA: Mimi nina sababu yangu ya kumuunga mkono Mwalimu, nayo haitoki zizini. Mama akijifungua binti wa nne au wa tano, kabla hajanyanyuka kitandani ameshaanza kuulizwa. Mama mkwe anauliza. Mume anakaa kimya, na ukimya huo una maana yake: anafikiria mke wa pili, atakayemzalia mrithi. Wengine wanarudishwa kwao. Wote hao wanamshitaki mtu asiye na Y hata moja mwilini mwake. Sayansi ina jibu fupi kwa ukoo mzima: mama alitoa X, hakuwa na kingine cha kutoa. Jibu hilo nalitaka likiwa gumu kama jiwe. Nikimwambia mama mkwe "kwa mamalia wengi, isipokuwa panya fulani", nimempa mlango wa kutokea.

MTAFITI: Mama, kwamba yai la mwanamke lina X na mbegu ya mwanamume ina X au Y ni ukweli juu ya binadamu, na pofu hauondoi hata chembe. Ila nina wasiwasi na kazi unayoupa ukweli huo. Kwa kuku, jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti, kwa hiyo yai lake ndilo linaloamua. Kama heshima ya mwanamke inasimama juu ya mpangilio wa kromosomu, tungekuwa ndege tungesema alaumiwe? Baba naye hachagui. Mbegu zake ni nusu kwa nusu, na inayotangulia haimwombi ruhusa. Ukihamisha lawama kutoka kwa mama kwenda kwa baba, lawama yenyewe umeiacha hai.

MKUNGA: Hayo ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kumsindikiza mama kwao na virago vyake, Daktari. Lawama ikihamia kwa mwanamume hufa siku hiyohiyo, kwa sababu hakuna ukoo utakaomfukuza mwanamume kwa kuzaa mabinti. Mimi sitafuti mizani ya haki ya mbinguni. Natafuta mama huyu alale nyumbani kwake leo.

MWALIMU: Na hilo ndilo ninalolisema. Sheria iliyo wazi ni ngao. Ukiilegeza ili uonekane mjuzi, anayeumia ni asiye na nguvu.

MFUGAJI: Ngoja kidogo, Mwalimu. Nilikuwa upande wako, na sijaondoka, ila kuna jambo kila mfugaji analijua na darasani sijawahi kulisikia. Ng'ombe akizaa mapacha, dume na jike, yule jike usimtunze kwa matumaini. Atakua mtamba mzuri wa kutazama, lakini karibu kila mara hashiki mimba. Wazee wetu walikuwa wanamchinja mapema. Sasa mtamba huyo ni XX, sivyo? Sheria yako inasema ni jike. Tumbo lake linasema vingine. Nimsikilize nani?

MWALIMU: Wasikilize wote wawili, Mzee. Mtamba huyo alitungwa XX, na hadi hapo sheria imetimia. Kilichotokea ni kwamba ndani ya mji wa mimba mishipa ya kondo za mapacha hao iliungana, damu ikapita huku na huku. Homoni za kaka yake zilimfikia mapema zikaharibu ovari, na hata ukipima damu yake leo utakuta seli za XY zimechanganyika na za XX. Kwa hiyo kanuni inahusu mwanzo wa safari, haidhamini kila kitakachotokea njiani. Na bila kanuni hiyo, wala tusingejua cha kumshangaa mtamba huyu.

MKUNGA: Basi na mimi nikuulize ya wodini, maana umesema "mwanzo wa safari" kama kwamba mwanzo wenyewe hauna kasoro. Kuna wanaume wenye XXY. Kwa hesabu za dunia ni kama mmoja katika kila wavulana 600, na wengi hawajijui mpaka watafute mtoto wakose. Kuna wanawake wenye X moja tu. Kuna wasichana waliolelewa kama wasichana, wana umbo la wasichana, na wakipimwa kwa kuwa hawajapata hedhi, majibu yanarudi XY. Msichana huyo amekaa kwenye dawati la mbele, Mwalimu. Wewe umeandika ubaoni "XY ni mwanamume", ukaiita sheria. Nimetaka jiwe la kumkinga mama wa mabinti watano. Sikutaka jiwe hilo limwangukie binti huyu.

MWALIMU: Swali hilo ni zito na silikwepi. Lakini angalia daktari wake atamweleza nini. Atamwambia kwamba pengine SRY yake ina hitilafu na korodani hazikujengwa, au kwamba mwili wake hauitiki homoni za kiume. Maelezo yote hayo yanatoka kwenye kanuni. Hali yake inaelezeka na si laana, na wala mama yake hakuvunja mwiko akiwa mjamzito. Ukimwondolea kanuni, unamwachia mganga na uvumi.

MTAFITI: Unamwachia daktari kanuni, nami nafurahi. Tatizo ni kwamba unamwachia mwanafunzi kauli mbiu. Wewe mwenyewe sasa hivi umetoka kwenye "Y ni mwanamume" ukaingia kwenye SRY, korodani, homoni na jinsi mwili unavyoziitikia. Huo ni mlolongo, na kila kiungo chake kinaweza kubadilika. Kusini mwa Afrika yupo panya mdogo, uzito wake haufiki gramu 10, ambaye majike wake wengi wana XY na wanazaa vizuri kabisa. X yao imebadilika ikaishinda Y. Ukimfundisha mtoto mlolongo, panya huyo hamsumbui, wala msichana wa dawati la mbele hajioni kosa la maumbile. Ukimfundisha kauli mbiu, wote wawili wanakuwa vioja.

MWALIMU: Mamalia wanaojulikana ni zaidi ya spishi 6,000. Unanihesabia panya watatu na platipasi.

MTAFITI: Nakuhesabia historia. X na Y zilianza zikiwa jozi ya kawaida, zinafanana, kiasi cha miaka milioni 180 iliyopita. Mojawapo ikapata jeni ya kuamua dume, ikaacha kubadilishana vipande na mwenzake, ikaanza kupukutika. Mwaka 2023 Y ya binadamu ilisomwa yote kwa mara ya kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho: herufi milioni 62 na jeni 106 za kutengeneza protini, nyingi zikiwa nakala za jeni moja. X ina herufi zaidi ya milioni 150 na jeni zaidi ya 800. Mwaka 2002 Jennifer Graves wa Australia alikadiria kwamba Y yetu, kwa kasi ile ya kupukutika, ingebakiza miaka kama milioni 10. Kitu kilichozaliwa, kinachozeeka, na ambacho kwa panya wa Amami kimeshazikwa, unawezaje kukiita sheria?

MWALIMU: Kadirio la Graves lilijibiwa, na ni haki wasomaji wapate jibu hilo pia. Watafiti wa maabara ya David Page huko Marekani waliilinganisha Y ya binadamu na ya nyani aina ya rhesus, ambaye tuliachana naye miaka kama milioni 25 iliyopita. Katika jeni za kale za Y, zile zilizotokana na jozi ya mwanzo, upande wa binadamu umepoteza moja tu kwa muda wote huo. Upukutikaji ulikuwa mkali mwanzoni, kisha ukasimama. Zilizobaki zimebaki kwa sababu mwili unazihitaji, nyingine zikisimamia kazi za jeni nyingine katika viungo vyote, moyo na mapafu vikiwemo. Huo si mzoga unaosubiri kuoza.

Na huko kutobadilishana unakokulaumu ndiko kulikotuachia kumbukumbu. Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana karibu ilivyo. Ng'ombe wetu wenye nundu wana Y ya zebu wa Asia, huku vinasaba vinavyorithiwa kwa mama peke yake vikiwa vya ng'ombe wa Afrika wasio na nundu. Mafahali walivuka bahari, mama walikuwa hapa hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 juu ya mifupa ya kale ya pwani, Mtwapa na Manda zikiwemo, ulikuta hadithi inayokaribiana: Y nyingi za wanaume zenye asili ya Asia Magharibi, na upande wa kina mama ni Afrika. Kitu kinachotunza nyayo za mababa kwa miaka 1,000 kina uthabiti wa kutosha kufundishwa kama sheria.

MFUGAJI: Kwa ng'ombe kuna zaidi ya hapo. Nimesikia kwa wataalamu wa mifugo kwamba Y ya zebu na Y ya ng'ombe wa Ulaya hazifanani hata kwa umbo kwenye darubini. Ya zebu ina kiungo chake mwishoni, ya Ulaya kinakaribia katikati. Na huko Mpwapwa, palepale misafara ilipokuwa ikipumzika, wamezalisha aina ya ng'ombe kwa kuchanganya damu ya India, ya kwetu na ya Ulaya. Basi ndani ya zizi moja fahali wawili wanaweza kuwa na Y za maumbo mawili, na wote wanapanda sawasawa.

MTAFITI: Asante, Mzee. Na tukifuata njia ya misafara mpaka mwisho wake, Ujiji, kidogo tu kaskazini ni Gombe. Sokwe wa pale ndio ndugu zetu wa karibu, tuliachana nao yapata miaka milioni 6. Mwaka 2010 maabara hiyohiyo ya Page aliyoitaja Mwalimu ililinganisha Y ya sokwe na yetu. Zaidi ya asilimia 30 ya sehemu kuu ya Y ya sokwe haina mwenzake kwa binadamu. Kromosomu nyingine zinafanana karibu kabisa, Y imejipanga upya. Huenda maisha yao yanachangia, maana jike mmoja wa sokwe hupandwa na madume kadhaa na mbegu zao zinashindana. Uthabiti uko wapi?

MWALIMU: Uko kwenye X. Mwaka 1967 Susumu Ohno alionesha kwamba X ya mamalia wenye kondo imebaki na jeni zilezile. Jeni ya kugandisha damu ambayo hitilafu yake humfanya mvulana atokwe na damu bila kukoma, kwa mbwa nayo iko kwenye X. Mary Lyon mwaka 1961 alieleza kwamba jike huzima X moja katika kila seli, ndiyo maana paka wa rangi tatu karibu siku zote ni jike: sehemu moja ya ngozi imezima X hii, nyingine imezima ile. Paka huyo yupo sokoni Tabora, Daktari. Sheria inatembea na miguu minne.

MKUNGA: Na kwenye X ndiko iliko jeni ya G6PD, inayotuhusu sana sisi wa mikoa ya malaria. Mvulana mwenye X moja yenye upungufu huo akipewa primakwini bila uangalifu, damu yake inaweza kuvunjika. Dada yake mwenye X mbili huenda asidhurike, au akadhurika kidogo, kutegemea ni X ipi imezimwa katika seli ngapi. Kwa hiyo hata kwa dawa nahitaji vitu viwili mnavyovuta huku na huku: kanuni inayoniambia nimwangalie mvulana kwanza, na mlolongo unaonizuia nisimpuuze msichana. Kipindi cha Mwalimu ni dakika 40. Kila mmoja anipe sentensi moja ya kuandika ubaoni, itakayomlinda mama wa mabinti watano na msichana wa dawati la mbele kwa pamoja.

MWALIMU: "Kwa mamalia, yai hubeba X, mbegu hubeba X au Y, na Y inayofanya kazi yake ndiyo inayomfanya mtoto awe wa kiume."

MTAFITI: "Jinsia hujengwa na mlolongo wa jeni, kwa binadamu mlolongo huo kwa kawaida huanzishwa na Y kutoka kwa baba, na wanyama wengine wameupanga vingine."

MFUGAJI: Ya Mwalimu naielewa mara moja. Ya Daktari inanieleza mtamba wangu.

MKUNGA: Ya Mwalimu inamnyamazisha mama mkwe, na imemwachia binti upenyo katika yale maneno "inayofanya kazi yake". Ila nani atamwelekeza kwenye upenyo huo, kama mwalimu mwenyewe hajui kwamba upo?

MWALIMU: Na ya Daktari, mama mkwe ataishika pale kwenye "kwa kawaida".

MTAFITI: Ataishika, nasi tutamjibu, kwa sababu tutakuwa tumesema kweli yote. Ukimpa neno "sheria", siku atakapomsikia msichana wa XY ataiona sheria yako imevunjika. Siku hiyo atakataa na lile la mama, lililokuwa kweli tangu mwanzo.

MWALIMU: Siku hiyo ikija, nitamfundisha somo la pili. Lakini mama yule yuko mlangoni na virago vyake sasa, na kitakachomrudisha ndani ni somo la kwanza.